Uzi wa B Unataka Nafasi

Noti ya chini kabisa kwenye gitaa la besi la nyuzi tano ni B inayotetema mara 30.87 kwa sekunde. Spika nyingi haziitoi ipasavyo. Kabati la spika za besi la kawaida huanza kuishiwa nguvu kabla ya kufika huko, na spika ndogo za masikioni hazina uwezo huo hata kidogo. Pamoja na hayo, msikilizaji aliyesimama nyuma kabisa ya ukumbi anaitambua noti hiyo. Anaijua kwa hamoniki zake, yaani sauti za juu zinazotetema pamoja na ile ya msingi: ya pili iko karibu na hezi 62, ya tatu karibu na 93, ya nne karibu na 123, na nyingine nyingi zinafuata juu yake. Ubongo unaziona zote kuwa vizidisho vya namba moja, kisha unaijaza sauti ya msingi hata pale ambapo spika imeiacha.

Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililonifanya ninunue besi za skeli nyingi, zile ambazo kila uzi una urefu wake, na ndilo ninalolitumia kupima kila badiliko ninalotaka kuzifanyia. Uzi mnene wa besi hupata hukumu yake huko juu, kwenye hamoniki. Hamoniki zikikaa mahali pake, B inasikika kama noti ambayo mwimbaji anaweza kuitegemea. Zikihama, unabaki na mngurumo usio na jina, na hakuna kiasi cha besi utakachoongeza kwenye amplifaya kikaurudisha kuwa noti.

Uzi wa kwenye vitabu vya fizikia hauna ugumu wowote, na hamoniki zake huja kwa hesabu safi: mara mbili, mara tatu, mara nne. Uzi wa chuma uliofungwa kwenye gitaa una ugumu wake. Unakataa kupinda, hasa karibu na ncha zake mbili, na ukaidi huo huzisukuma hamoniki zipande juu ya hesabu, kila moja zaidi ya iliyoitangulia. Kadiri uzi ulivyo mnene, mfupi na uliolegea, ndivyo hamoniki zinavyozidi kupotoka. Kwenye besi ya kawaida, B ina ila zote tatu kwa wakati mmoja.

Historia ndiyo iliyotufikisha hapo. Mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, Leo Fender, alipotoa Precision Bass mwaka 1951, aliipa skeli ya inchi 34, yaani takriban milimita 864 kutoka nati, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya shingo, hadi tandiko ambalo uzi hulikalia kwenye daraja. Ilikuwa besi ya nyuzi nne, na uzi wake mnene kuliko yote ulikuwa E ya hezi 41.2. Kwa E urefu ule unatosha vizuri, na ndiyo maana umedumu. Wapiga besi walipotaka kushuka zaidi, mafundi wengi waliongeza uzi wa tano juu ya urefu uleule, au walisogea hadi inchi 35. Ili B isilegee ilibidi inenepeshwe, na kuinenepesha kunaiongezea ugumu. Ukiziba huku, panavuja kule.

Njia nyingine ni kuurefusha uzi. Chukua uzi uleule, kwa noti ileile, uutoe kwenye inchi 34 uupeleke kwenye inchi 37. Mkazo wake unaongezeka kwa mraba wa uwiano wa urefu, ambao ni kama asilimia 18. Upotofu wa hamoniki unaoletwa na ugumu unapungua kwa kipeo cha nne cha uwiano huohuo wa urefu, na hapo unapata karibu asilimia 29. Kwa inchi tatu tu. Mara ya kwanza nilipopiga B wazi kwenye besi ya inchi 37, kilichonigusa ni ule mwanzo wa noti: kidole kikiachia, noti ipo pale pale, imeshajitambulisha, haichukui muda kujikusanya. Uzito ulikuwa uleule niliouzoea.

Sasa, kwa nini usirefushe nyuzi zote hadi 37? Kwa sababu G, uzi mwembamba kuliko wote, haitaki. Uzi mwembamba ukivutwa kwa urefu huo unakuwa mkavu na mgumu chini ya kidole, na ule utamu wa sauti ya kuimba kwenye noti za juu unapotea. Mkono nao una mipaka yake. Kutoka freti (vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza hadi ya nne kwenye skeli ya inchi 34 ni milimita 130. Kwenye 37 ni 141. Kwa B, ambako mara nyingi unashika noti moja moja, mkono unavumilia. Kwa G, ambako unakimbia, unachoka.

Kwa hiyo kila uzi unapewa urefu wake. Kinubi kinafanya hivyo tangu zamani, na piano pia: fungua kifuniko chake uone nyuzi za besi zilivyo ndefu kuliko za juu. Kwenye vyombo vyenye freti wazo hili lilijaribiwa mapema. Uingereza ya karne za 16 na 17 ilikuwa na bandora na orpharion, na baadhi yake zilikuwa na daraja na freti zilizoinamishwa ili nyuzi za chini ziwe ndefu zaidi. Kwa gitaa la umeme, jina la kulikumbuka ni Ralph Novak wa Marekani, aliyepata hataza ya mfumo wake wa Fanned-Fret mwaka 1989. Kwenye besi, aliyeuchukua mfumo huo akaufanya kazi ya maisha yake ni Sheldon Dingwall wa Saskatoon, Kanada. Mpangilio wake wa nyuzi tano umekuwa kipimo ambacho wengine wanajilinganisha nacho: B inchi 37, E 36.25, A 35.5, D 34.75, G 34. Kila uzi unampisha jirani yake kwa robo tatu ya inchi. Leland Sklar, ambaye amepiga besi kwenye rekodi nyingi kuliko tunavyoweza kuzihesabu, ana modeli yake kwa Dingwall. Adam “Nolly” Getgood, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya metali ya Periphery, naye ana ya kwake, na hiyo ndiyo iliyowafanya vijana wa metali waijue skeli nyingi. Hataza ya Novak ilipomaliza muda wake viwanda vikubwa vikaingia, na leo mtu anaweza kuanza bila kuagiza chochote cha pekee.

Mimi nimebaki kwenye karakana ndogo. Nina mbili, zote za nyuzi tano: moja ya inchi 37 hadi 34, nyingine ya 35 hadi 33 iliyotengenezwa na fundi anayefanya kazi peke yake. Sababu ya kubaki huko ni mazungumzo. Besi ya namna hii ni hesabu moja iliyofungwa pamoja, na fundi mdogo anaweza kukuambia kwa nini kila namba iko pale ilipo.

Freti iliyonyooka iko wapi?

Watu wakiona freti zilizotawanyika kama mbavu za pepeo, jambo la kwanza wanalouliza ni kama vidole havipotei. Havipotei. Mkono ukiwa karibu na nati, kiwiko kiko mbali na mwili na vidole vinaelekea upande mmoja. Mkono ukipanda juu ya shingo vinageukia upande wa pili. Freti za mshazari zinafuata mgeuko huo. Ugumu upo kwenye akodi pana zinazoshikwa karibu kabisa na nati, na wapiga besi wengi hawazipigi huko kwa vyovyote, maana sauti zinagongana.

Swali lenye maana zaidi, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, ni freti gani imenyooka. Katika mpangilio wowote wa skeli nyingi kuna mahali pamoja ambapo freti inakata shingo kwa pembe mraba, na kutoka hapo nyingine zinainama kuelekea pande zote mbili. Mahali hapo panabadilisha besi nzima. Kwa tofauti ya inchi tatu kati ya B na G, ukinyoosha freti ya 7, nati itainama kwa milimita 25 na daraja kwa milimita 51. Ukinyoosha ya 12, nati na daraja vitainama sawasawa, milimita 38 kila upande. Chaguo la kwanza linausaidia mkono wa shingoni, hasa kwa anayekaa sana kwenye freti tano za mwanzo. La pili linausaidia mkono unaopiga, kwa sababu daraja na pikapu, yaani vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, havilali sana.

Kwenye besi yangu ndefu freti iliyonyooka iko ya 7, na nisingetaka iwe kwingine. Kwenye ile fupi, ambayo tofauti ya nyuzi zake ni inchi mbili tu, jambo hili halina uzito mkubwa. Ukiagiza besi yako, zungumza na fundi juu ya hili kabla hujataja rangi wala mbao. Likishakatwa haliwezi kurekebishwa.

Nyuzi kwanza

Mtu akiniambia ana besi ya skeli nyingi na anataka kubadili pikapu, namwuliza kafunga nyuzi gani. Mara nyingi jibu ni seti ya nyuzi tano iliyotengenezwa kwa ajili ya inchi 34, na B yenye unene wa inchi 0.130 au hata 0.135, kwa imani kwamba B nene ndiyo B nzito.

Kwenye inchi 37 imani hiyo inageuka. Uzito wa uzi kwa makadirio hufuata mraba wa unene wake. Kwa hesabu hiyo, uzi wa 0.125 kwenye inchi 37 bado una mkazo zaidi, kama asilimia 9, kuliko wa 0.130 kwenye inchi 34. Ukishuka hadi 0.120, mkazo unakuwa karibu sawa na ule wa 0.130 kwenye besi ya kawaida. Maana yake ni kwamba urefu umekupa nafasi ya kutumia uzi mwembamba zaidi bila kulegea, na uzi mwembamba unapinda kwa urahisi, kwa hiyo hamoniki zinatulia zaidi. Faida inakuja mara mbili. Mtu anayefunga 0.135 kwenye besi ya inchi 37 amelipia urefu halafu ameurudisha dukani. Mimi natumia 0.125 na sijatamani kurudi.

Kisha kuna urefu wa uzi wenyewe ukiwa kwenye pakiti. Neno “skeli ndefu” kwenye pakiti halitoshi. Pima kutoka mahali tufe la mwisho wa uzi linapokaa kwenye daraja, au nyuma ya mwili kama nyuzi zinapita ndani, hadi kwenye nati, na uhakikishe sehemu nene ya uzi inavuka nati kabla ya kuanza kukonda. Ikianza kukonda kabla ya nati, uzi unatetema ukiwa na unene wa aina mbili, na intonesheni, yaani usahihi wa noti kando ya shingo, haitakaa hata ufanye nini. Upande wa pili wa tatizo ni uzi mrefu mno: sehemu nene inazungushwa kwenye mhimili wa kifunguo, kiini chake kinavunjika, au uzi unakufa sauti siku hiyohiyo. Na kabla ya kukata ziada, upinde uzi kwa pembe kali mbele ya pale utakapokata. Mkunjo ule unaishikilia waya ya nje isifunguke na kulegea juu ya kiini. Ni kazi ya sekunde, na nyuzi za B zilizokufa zikiwa mpya nyingi zimekufa kwa kukosa mkunjo huo.

Baada ya nyuzi ndipo urekebishaji wa shingo. Nabana freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, natazama pengo lililo kati ya uzi na freti ya 8. Robo ya milimita ndiyo ninayopenda. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12 nakiweka karibu milimita 1.8 kwa G na 2.3 kwa B. Wengi huinua B sana wakiogopa isigonge freti. Kwenye uzi mrefu hofu hiyo inapungua, kwa kuwa mkazo umeongezeka na uzi haupepei ovyo, na ukiushusha uzi, mkono wa kushoto unapumzika na noti za juu za B zinaacha kupanda kila unapozibana.

Madaraja matano na waya mmoja wa ardhi

Besi nyingi za skeli nyingi hazina daraja moja pana. Kila uzi una daraja lake dogo, limefungwa peke yake kwenye mwili, hatua kwa hatua kufuata mshazari. Napenda mfumo huu. Unapunguza chuma, unamruhusu fundi kuweka kila uzi mahali unapotaka, na mtetemo wa uzi mmoja haupiti moja kwa moja kwenye tandiko la jirani.

Lakini una jambo lake la umeme ambalo daraja moja halina. Nyuzi za besi zinatakiwa ziunganishwe na ardhi ya saketi, ili mkono wako ukizigusa, mwili wako usiwe antena ya mvumo. Daraja pana linahitaji waya mmoja chini yake. Madaraja matano yanahitaji njia tano. Mafundi wengine hupitisha waya kwenye kila moja, wengine hulaza ukanda wa shaba chini ya yote, wengine hutumia rangi inayopitisha umeme. Kama besi yako inavuma ukigusa uzi mmoja na inanyamaza ukigusa mwingine, usiinunulie pikapu mpya. Weka kipima-umeme kwenye kipimo cha ukinzani, ncha moja kwenye soketi ya kebo upande wa ardhi, nyingine kwenye kila daraja kwa zamu. Lile lisiloonyesha karibu sifuri limepoteza njia yake.

Kwenye besi yangu ndefu daraja la D lilikuwa hivyo. Nililifungua, nikalaza ukanda wa karatasi ya shaba yenye gundi inayopitisha umeme kutoka kwa jirani yake, nikalirudisha. Mvumo ukaisha. Nilipokuwa nimeshafungua mwili nikaona afadhali nivike shaba shimo lote la saketi na mashimo ya pikapu, kila kipande kikigusa kingine na chote kikienda ardhini. Ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mtulivu, na katika mabadiliko yote niliyowahi kuyafanya, hakuna yaliyonipa kimya kizuri kama hiki kati ya noti na noti.

Pikapu zinazolala

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na inastahili tukae kidogo.

Pikapu inasikiliza uzi mahali fulani pa urefu wake. Hamoniki ambayo haitetemi pale pikapu ilipo, pikapu haiisikii. Ikisogezwa kuelekea daraja, inapata zaidi ya juu na kupoteza mwili. Ikisogezwa kuelekea shingo, kinyume chake. Kwenye besi ya skeli nyingi, ili nyuzi zote zisikilizwe mahali pamoja kwa uwiano, pikapu lazima ilale kwa mshazari unaofuata freti, upande wa B ukiwa nyuma zaidi. Fundi aliyeipanga hivyo amehakikisha B na G zinaongea lugha moja. Precision Bass ya tangu mwaka 1957 ina pikapu iliyokatwa vipande viwili, na kipande cha E na A ndicho kilicho karibu na shingo. Skeli nyingi inakwenda upande wa pili kabisa, na hiyo ni sehemu ya sababu ya B zake kuwa na makali yanayokata ndani ya bendi.

Mshazari huo unabadilisha vipimo. Nyuzi zilizo umbali wa milimita 18 kutoka moja hadi nyingine, zikipita juu ya pikapu iliyolala kwa pembe ya digrii 30, zinakuta umbali wa karibu milimita 21 kando ya pikapu hiyo. Pikapu ya kawaida yenye nguzo za sumaku kwa kila uzi haitalingana; uzi mmoja utapita juu ya nguzo na mwingine pembeni, na sauti itapanda na kushuka ukivuka kutoka uzi hadi uzi. Kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni pikapu yenye upau mmoja wa sumaku kutoka mwanzo hadi mwisho, ambayo haijali uzi unapita wapi. Ya pili ni kumwomba mtu anayesuka pikapu kwa mkono akupe nguzo kwenye vipimo vyako, na umpelekee karatasi iliyochorwa juu ya besi yenyewe, nyuzi zikiwa zimefungwa, wala usimpelekee namba ulizozikisia.

Kwenye besi yangu fupi nilibadili pikapu zote mbili kwa njia ya upau. Zilizokuwemo zilikuwa na sauti ya joto, nzuri kwa mazoezi ya chumbani, lakini ndani ya bendi yenye kinanda na magitaa mawili B ilizama. Nilichotafuta ni koili zenye mizunguko michache zaidi, kwa kuwa koili nzito hukata sauti za juu mapema, na kama nilivyosema mwanzo, huko juu ndiko B inakojulikana. Sauti ikapungua nguvu kidogo. Hilo niliongeza kwenye amplifaya. Uwazi usingeweza kuongezwa huko.

Kwenye besi ndefu sikugusa pikapu. Nilichobadili ni swichi: niliweka ya kuzungusha yenye nafasi nne, kwa hiyo napata ya shingoni peke yake, ya darajani peke yake, zote mbili sambamba, na zote mbili kwa mfululizo. Nafasi ya mfululizo inajaa katikati na inasukuma amplifaya kwa nguvu. Ya sambamba ni safi na pana. Kwa waya chache na saa chache za kulehemu, besi imepata tabia ambazo pikapu mpya zisingeipa.

Betri na nafasi yake

Kuhusu priampu, saketi ya betri ndani ya besi inayorekebisha sauti kabla ya amplifaya, nina msimamo. Wengi wananunua kwa sababu ya kidhibiti cha besi, wakitaka kuipa B nguvu zaidi. Kidhibiti kinachoinua karibu na hezi 40 kinainua eneo ambalo tayari linaishinda spika, na kinakula nguvu ya amplifaya iliyotakiwa kwenda kwenye hamoniki. Matokeo yake ni kabati linalotikisika na noti isiyosikika.

Kidhibiti cha thamani ni cha katikati, na cha thamani zaidi ni kile kinachokuruhusu kuchagua masafa. OBP-3 ya Aguilar, kwa mfano, ina swichi ya kuchagua hezi 400 au 800 kwa sauti za kati, na tofauti ya hizo mbili ndiyo tofauti ya B inayonguruma na B inayosema. Nikiwa na bendi kubwa nainua kidogo kwenye 800 na besi naiacha ilipo. Priampu hiyo inaendeshwa kwa betri moja ya volti 9 au mbili zikiunganishwa kuwa 18. Volti 18 haziongezi sauti, zinaongeza nafasi kabla ya saketi kuanza kukwaruza, na uzi mrefu wenye mwanzo mkali unaihitaji nafasi hiyo zaidi ya mfupi.

Jambo la pili ninaloliona la lazima ni swichi ya kuipita priampu kabisa. Betri huisha katikati ya wimbo. Pia kuna siku unataka kusikia pikapu na uzi tu. Ukiwa upande huo usio na betri, potenshometa, yaani vidhibiti vya kuzungusha, zina kauli: za kilo-omu 500 zinaacha sauti za juu zipite zaidi kuliko za 250. Kwa besi ndefu nimeweka 500 na kapasita ndogo ya toni, ili nikizungusha toni chini ipoe bila kufunikwa blanketi.

Na kabla ya amplifaya naweka kichujio kinachokata kila kitu chini ya hezi 30 hivi. Hakuna muziki huko; kuna mgongano wa kidole na uzi, na mtikisiko wa jukwaa. Ukikiondoa kizigo hicho, spika zinapumua na B inasimama wima. Watu huniuliza nimebadili nini kwenye besi, na ukweli ni kwamba badiliko hilo haliko hata ndani yake.

Ninayoyaacha

Kichwa cha besi ndefu kiko mbali, na uzito mdogo huko unakuwa mkubwa begani. Funguo nyepesi za kukazia nyuzi, kama Ultralite za Hipshot, zinashusha uzito huo, na zikiingia kwenye matundu yaliyopo bila kuchimba upya ni badiliko lisilo na hasara. Pembe ya juu ya mwili nayo inasaidia ikifika usawa wa freti ya 12, lakini hiyo ni ya kuangalia kabla ya kununua.

Sichimbi mwili. Sipanui shimo la pikapu ili kitu kipya kiingie, sibadili nafasi ya daraja, sikati nati mpya nikiwa sijaongea na aliyeitengeneza. Kila kilichotolewa kinaingia kwenye mfuko wenye maandishi: kimetoka besi ipi, nafasi ipi, waya zake zilikwenda wapi, pamoja na picha niliyopiga kabla ya kugusa chochote. Besi hizi zinapita mikono mingi, na atakayeipata baada yangu ana haki ya kuisikia kama fundi alivyoikusudia. Nami pia nina haki ya kubadili mawazo.

Kuhusu mbao nitasema machache, maana mijadala yake haina mwisho: shingo ngumu isiyoyumba, iliyounganishwa kwa vipande kadhaa, naiona na faida dhahiri kwa uzi wa inchi 37. Rangi ya mwili chagua inayokupendeza.

Sasa hivi niko kwenye mazungumzo na yule fundi wa besi fupi kuhusu ya tatu, ya 35 hadi 33, isiyo na freti. Tumekubaliana juu ya freti ya 7 kuwa mstari ulionyooka na juu ya pikapu moja tu karibu na daraja. Tumebishana kuhusu mistari: yeye anapendelea ubao mtupu wenye vidoti pembeni, mimi nataka mistari yote ya mshazari ichorwe kwa mbao nyeupe. Kwenye besi ya kawaida isiyo na freti sikio linatosha, na jicho linakisia kwa sababu mstari uko palepale kwa nyuzi zote. Hapa G na B zina mahali tofauti kwa kila noti, na kidoti cha pembeni kinasema ukweli kwa uzi mmoja tu, ule ulio kando yake. Amekubali kuichora.